Yadi Nane za Bafta

Tanga nzima inaniita mfadhili, na jina hilo silipendi. Nimewaomba waliache. Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa ukali, na mara moja nimeomba kwenye kipaza sauti mbele ya diwani na wazee wa mtaa. Kesho yake nilipopita sokoni nikasikia, “Mfadhili, za tangu jana?” Mtu ambaye sijawahi kumwona hunishika mkono na asiuachie mpaka amenimalizia habari za jezi za timu ya mtaa wake. Namwambia mpira si kazi yangu. Anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, kisha ananiuliza jezi zenyewe zitakuwa za rangi gani.

Kazi yangu, kwa anayetaka kuijua, ni sanaa. Nalipia walimu wa kuimba na kupiga udi, nanunua rangi na turubai za wachoraji, natafuta ukumbi, nagharimia nauli za vikundi vinavyotoka mbali. Fedha hizo sikuzitafuta. Nilizaliwa nazo, na hilo nalo watu hawaliachi likapita.

Babu yangu alitembeza kanga begani vijiji vya pwani, kutoka Pangani mpaka Moa. Baba akazitua begani akazipanga rafuni: akafungua duka Ngamiani, kisha la pili hapo hapo mjini, kisha la tatu Muheza. Mimi nilizaliwa peke yangu. Nikasoma, nikawa mwalimu wa sekondari, nikafundisha Kiswahili miaka ishirini na kitu nikidhani nimelikimbia duka. Baba alipofariki mirathi ikagawanywa, shangazi zangu wakachukua chao na kuondoka na maoni yao, na bado nikabaki na maduka matatu kichwani. Mawili niliyapangisha, na kodi yake ndiyo inayolipa hao waimbaji na wachoraji. La Ngamiani, lile la kwanza, nililifunga. Nikang’oa rafu, nikapaka kuta rangi nyeupe, nikaligeuza ukumbi wa maonyesho.

Mama hajanisamehe. Ana miaka themanini na miwili, akili yake imetimia, na macho yake yanaona sindano iliyoanguka chini ya mkeka. Kila siku saa mbili asubuhi analetwa na bajaji, anakaa kwenye kiti chake mlangoni mwa ukumbi, fimbo ya kupimia yadi magotini na mkasi kwenye kikapu. Wateja bado wanakuja. Miaka sita duka limefungwa, na bado mtu anasimama pale akitazama picha zilizotundikwa, halafu anauliza, “Bi mkubwa, shuka za sita kwa sita zipo?”

“Hazipo,” mama humjibu. “Mwenye duka siku hizi anauza kuta.”

Mimi siuzi chochote. Nimemweleza mama hivyo mara nyingi, naye hunisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia kwamba duka lisilouza ni nyumba tu yenye mlango mpana. Siku nyingine huwaelekeza wateja kwa mshindani wetu wa zamani upande wa pili wa barabara, kwa sauti kubwa, ili nisikie.

Lakini lipo jambo moja la duka lile ambalo sikuwahi kulionea haya, nami nililisimulia kila nilipopewa nafasi: duka letu halikumnyima mtu sanda. Baba alikuwa na desturi ya kuweka pembeni yadi nane za bafta nyeupe, zimekunjwa, tayari kwa maiti ya mtu mzima. Aliyekuja kutaka sanda hakupanga foleni. Hakuulizwa bei na hakupatana. Aliacha alichokuwa nacho, na asiye na kitu aliacha dua. Duka likiwa limefungwa aligonga mlango wa nyumbani. Na kwetu sanda haikatwi kwa mkasi. Mkasi unatia alama tu kwenye ukingo, kisha kitambaa kinachanwa kwa mikono miwili, moja kwa moja, mpaka upande wa pili. Nikiwa mtoto nilikuwa naujua mlio huo nikiwa uani, na nilijua kuna mtu amekufa hata kabla sijaambiwa ni nani.

Nimewasimulia jambo hilo wageni kutoka Dar, wageni kutoka nje, na waandishi wa habari. Wengine walilengwalengwa na machozi. Nilikuwa nikisema kwamba huko ndiko nilikojifunza kutoa. Nilikuwa nalisema vizuri, maana nililisema mara nyingi.

Sasa nieleze kwa nini kutoa kunanichosha, maana watu wanadhani kunanifurahisha. Mwaka juzi nilikipa kikundi cha maigizo cha Moa fedha za kutunga mchezo. Sharti langu lilikuwa moja: watunge wanachokitaka wao. Nikaenda kuutazama. Kutoka njia kuu nilipanda bodaboda, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nikakalishwa kwenye kochi lililobebwa kutoka nyumbani kwa mtu. Mchezo ukaanza. Ulikuwa unanihusu mimi. Binti mmoja alivaa miwani meusi na mkoba, akapita jukwaani akigawa vitu kutoka kwenye mfuko, na kila aliyepewa alianguka chini kwa shukrani. Nilivumilia saa nzima. Mwisho niliwaita viongozi, nikawaambia kwa heshima zote kwamba safari nyingine wanitoe kabisa kwenye mchezo. Wakakubali. Miezi mitatu baadaye wakanialika kusikiliza wimbo mpya. Wimbo huo ulikuwa unanisifu kwa unyenyekevu wangu wa kukataa kusifiwa.

Basi ndiyo maana nilipokutana na yule mshonaji wa Pongwe nilipumua.

Mwanamke huyu ana miaka hamsini na kidogo. Anashona sare za shule katika chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda bara, ni Mlutheri, na baba yake alikuja pwani zamani akiwa manamba, yaani kibarua aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali kukata mkonge. Hakunisifu wala hakuniita mfadhili. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akarudi kwenye cherehani yake, akaniambia nisubiri amalize kola. Nilisubiri kwa raha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Kazi yake ilikuwa chini ya kitanda. Alivuta jora zima la bafta, kitambaa kimoja kirefu kisichokatwa, alilolifanyia kazi miaka mitano baada ya sare. Juu yake alikuwa ametarizi shamba la mkonge kwa nyuzi za mkonge wenyewe, alizozitia rangi kwa mkono: mistari ya mimea, kambi ya vibarua, wanawake wanaoanika nyuzi, foleni ya posho, mbwa mmoja anayetokea kila baada ya hatua chache na kamwe hatazami alikoangalia mtu mwingine. Nililipitia jora lile kwa magoti, sakafuni, na sioni haya kusema nililia. Mwishoni picha zilikoma. Ilibaki sehemu nyeupe tupu.

“Hapa hujamaliza?” nikamuuliza.

“Nimemaliza. Hapa paachwe hivyo hivyo. Ni pa baba.”

Sikumuuliza zaidi. Niliona naelewa. Nilipofika nyumbani nikaandika maelezo ya kubandika ukutani, na ndani yake nikasema kwamba weupe ule unawakilisha ukimya wa historia. Nilijipongeza kwa sentensi ile.

Nilimtafutia ukumbi mzuri zaidi, jengo la zamani karibu na bahari, lenye dari ya juu. Akakataa. Alitaka jora lake litundikwe katika duka la Ngamiani au lisitundikwe popote. Nililipokea jambo hilo kama heshima kwa marehemu baba. Alikuja mwenyewe kulitundika, siku tatu mfululizo, jora likazunguka kuta tatu bila kukatwa, na ile sehemu nyeupe ikaangukia karibu na mlango. Mama hakuwepo siku hizo. Alikuwa amekwenda kwa dada yake kuhani msiba, akarudi kwenye kiti chake Alhamisi. Mshonaji aliniomba kitu kimoja tu: “Dada, lisiguswe.” Nikamwapia kwamba halitaguswa.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na uzinduzi maana yake kamati. Sikuitaka kamati, lakini Tanga huwezi kufungua hata dirisha bila mwenyekiti, katibu na mtu wa itifaki. Kamati ilitaka zulia jekundu. Kamati ilitaka utepe na keki. Kamati ilitumia kikao kizima kujadili mgeni rasmi, afisa mmoja mkubwa aliyekuwa anatoka Dar, atanywa maji ya chupa kubwa au ndogo. Ijumaa mchana, badala ya kukaa ukumbini kama nilivyotakiwa, nilikuwa kwa mkodishaji wa viti tukibishana kuhusu vitambaa vya kufunikia. Kamati ilitaka vitambaa vya dhahabu. Nilisema nyeupe. Tukaafikiana dhahabu.

Nikarudi saa nane. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mlangoni. Nilimpita, nikaweka mkoba, nikainua macho. Jora lilikuwa linaishia kwenye mbwa wa mwisho. Baada ya mbwa palikuwa na ukingo uliochanwa, nyuzi zinaning’inia, na ukuta.

“Mama, kile kitambaa kiko wapi?”

“Kitambaa kipi?”

“Kile cheupe. Kilichokuwa hapa.”

“Ile sanda? Nimewapa watoto wa dobi.” Alisema kama mtu anayeniambia amekunywa chai. “Mzee amefariki asubuhi. Wanamzika baada ya alasiri. Wamekuja hapa mbio, Ijumaa, maduka yote yamefungwa, watu wako msikitini. Ungetaka waende wapi?”

Mzee dobi alikuwa anapiga pasi ya mkaa mtaa wa pili tangu sijazaliwa. Nilimpenda. Wakati ule sikumpenda hata kidogo.

“Mama, ile ni kazi ya sanaa.”

“Ilikuwa yadi nane.”

“Ilikuwa imeshikana na picha. Hukuona kwamba imeshikana?”

“Niliona. Ndiyo maana nimechana taratibu.”

Nilishika kichwa. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, si matusi, lakini karibu yake: kwamba ameniharibia, kwamba hili si duka tena, kwamba duka limekufa na yeye ndiye aliyekataa kulizika. Mama alisubiri nimalize. Halafu akasema, bila hasira, kwamba alipoingia Alhamisi na kuona yadi nane nyeupe zimewekwa pembeni karibu na mlango, hazina mshono wala doa, alifurahi. Alidhani nimerudiwa na akili. Alidhani nimeweka sanda ya akiba kama alivyokuwa akiweka marehemu baba.

Nikiri jambo moja, maana kama siliandiki hapa sioni sababu ya kuandika mengine. Niliangalia saa. Nilihesabu: sasa wanamwosha, bado hawajamvika, nikichukua bajaji nitawahi. Nilitoka mpaka barabarani. Nilisimama pale na mkono umeinuliwa kuita bajaji, ndipo nikajisikia mwili mzima kuona haya, nikaushusha mkono. Bajaji iliyosimama niliipanda, lakini nikamwambia dereva twende Pongwe.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika mshonaji alikuwa anatia vifungo. Nikamweleza yote mara moja, nikiwa nimesimama. Aliendelea kushikilia sindano.

“Aliyekufa nani?”

“Mzee mmoja dobi. Jirani.”

“Wameshamzika?”

“Wanamzika alasiri hii.”

Akavuta uzi mpaka mwisho. Nikaogopa, na kwa kuogopa nikasema lile ambalo mtoto wa mwenye duka yeyote angelisema: “Nitakununulia jora jingine. Bafta ile ile, upana ule ule. Tutaunganisha, haitaonekana.”

Hapo ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti. Aliweka sindano kwenye kimto, akavaa viatu, akafunga mlango wa chumba, akaingia kwenye bajaji iliyokuwa inanisubiri na kukaa. Kutoka Pongwe mpaka Ngamiani hakunijibu hata neno moja, nami nilisema mengi.

Ukumbini alikwenda kwanza kwenye ukingo uliochanwa, akauangalia, akaushika kwa vidole viwili. Kisha akamgeukia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwenye jora?” Mama alijaribu kuinuka, akashindwa, akakaa. “Niwie radhi. Nimekuchania. Sikujua lina mwenyewe. Niliona yadi nane nikajua ni sanda.”

“Ulizipima?”

“Sikuwa na haja ya kupima. Ni kazi yangu tangu nimeolewa.”

“Ni sanda kweli,” mshonaji akasema. “Ni ya baba yangu.”

Maelezo yangu yalikuwa yamebandikwa ukutani hapo hapo, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, yenye ukimya wa historia ndani yake. Mwezi mzima niliishi na jora lile, nikalihifadhi, nikalitolea hotuba. Mama alikaa nalo siku moja na nusu akalisoma lilivyo.

“Alifariki lini, maskini?” mama akauliza.

“Zamani. Mimi nilikuwa wa kubebwa.”

“Mkamvika nini?”

“Magunia mawili ya katani. Mama aliyafumua akayaunganisha.”

Mama akatikisa kichwa, kwa huzuni ya kweli. “Maskini. Angekuja mtu hapa. Sisi sanda hatukumnyima mtu, uliza Tanga nzima. Angekuja tu mtu akasema.”

“Mama yangu alikuja,” mshonaji akasema. “Alitoka Pongwe kwa miguu. Alisimama hapo mlangoni, mimi nikiwa mgongoni. Akataja yadi nane.”

Nje palikuwa na mtu anauza karanga, nakumbuka, anagonga kopo lake. Nilitaka kusema kwamba pengine lilikuwa duka jingine, kwamba maduka yalikuwa mengi, kwamba mtu mwenye msiba anachanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mama aliponionyesha kiganja, ninyamaze.

“Mwanamke wa kambi?” akauliza polepole.

“Ndiyo.”

“Ana kovu hapa?” Mama akagusa kidevu.

“Ndiyo.”

Mama akaitazama fimbo yake ya yadi. “Sikumnyima,” akasema. “Watu wa kambi walikuwa wanachukua kwa barua ya karani wa shamba. Ndio uliokuwa utaratibu. Nilimwambia alete barua.”

“Karani alikuwa hayupo. Ilikuwa Jumapili.”

“Sikujua.”

“Alikwambia.”

Mama hakukataa. Mimi nilikuwa nafanya hesabu nyingine sasa, ya miaka. Nilikuwa na miaka saba au minane wakati ule. Jumapili sikuwa na shule wala madrasa. Lazima nilikuwa uani nikicheza na vipande vya vitambaa, nikisikiliza, na siku ile sikusikia mlio wowote, na nisingejua kwamba kukosekana kwake nako kuna maana yake.

“Hakurudi,” mama akasema mwishowe. “Nilikaa namngoja na barua. Hakurudi, nikasema kapata kwingine.”

“Hakupata.”

“Naona.”

Miaka yote niliyotembea na kisa changu sikudanganya. Baba naye hakudanganya. Katika duka letu hapakuwa na mtu aliyenyimwa sanda, kwa sababu walioambiwa walete barua hawakuhesabiwa miongoni mwa watu waliokuja. Ni wangapi, mama hajui, na nimemuuliza mara moja tu.

Nilimwambia mshonaji kwamba nitaahirisha uzinduzi, tutaliondoa jora, tutafanya atakavyo. Nilimwambia naomba radhi. Aliniangalia kwa uchovu ambao ningeutambua popote, maana ni ule ule ninaowaangalia nao watu wa jezi.

“Liacheni hivyo hivyo,” akasema. “Na hapo palipochanika msipafunike.” Akamuaga mama kwa heshima, akaondoka. Nilibandua maelezo yangu ukutani kwa kucha.

Jumamosi mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Keki ilianza kulegea. Watu walijaa mpaka barabarani, kwenye viti vyao vya dhahabu: wachoraji wangu, waimbaji, kamati kwenye safu ya mbele, na kikundi cha Moa kilichokuja bila kualikwa. Mshonaji alikaa safu ya pili, gauni la bluu, mikono mapajani. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, alikataa kusogezwa mbele. Hotuba yangu ilikuwa kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa kile kisa cha sanda. Niliiacha kwenye mkoba. Nikasema karibuni, nikasema kazi hii imechukua miaka mitano, nikakaa. Mwenyekiti wa kamati alinitazama kana kwamba nimeuza viti.

Mgeni rasmi akakata utepe, akaongozwa kulitazama jora. Kwa haki yake alilitazama vizuri, mtu mpole, aliuliza maswali ya maana. Alipofika mwisho akasimama.

“Na hapa,” akauliza, “mbona pamechanika? Kuna maana gani?”

Mshereheshaji, kijana mwenye suti na sauti nzito, akanipa kipaza sauti. Nilikishika. Watu mia wakanitazama. Mimi ninayejua kusema mbele ya watu, niliyefundisha wengine kusema mbele ya watu, sikuweza kutoa hata sauti. Jambo lile halikuwa langu kulisema, na kwa mara ya kwanza nililijua hilo kabla ya kusema badala ya baadaye.

“Nipe mimi,” mama akasema kutoka mlangoni.

Nikampelekea. Hajawahi kukishika kitu kile. Akakiweka karibu mno na mdomo, kikapiga mlio, watu wakacheka kidogo.

“Hapo palikuwa na sanda,” akasema. “Ya baba wa huyu hapa, mwenye gauni la bluu. Alikufa shambani Pongwe. Mama yake alikuja kuitaka hapa hapa, yuko na mtoto mgongoni, nami ndiye niliyekuwa dukani. Nikamwambia alete barua. Akazikwa kwenye gunia. Jana nikaiona sanda ile, nikaichana, nikampa maiti mwingine, na huyo mwingine sikumwomba barua kwa kuwa ni jirani. Ni hayo.”

Ukumbi ukatulia. Nusu ya watu, nadhani, walikuwa wanasubiri waone ni jambo la namna gani, la kuhuzunika au la kushangilia. Na mshereheshaji, ambaye analipwa ili ukumbi usitulie, akainua mikono yake juu.

“Makofi kwa mama yetu mpendwa!”

Wakapiga. Wakapiga makofi wote, kamati ikasimama, mgeni rasmi akasimama kwa kuwa kamati imesimama, wanawake wa Moa wakapiga vigelegele. Nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni, hasira ya miaka, kwa watu wangu hawa ambao ukiwaambia umeungua wanakupongeza kwa moto mzuri. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kipaza sauti bado mkononi. Kisha akaniangalia mimi.

“Wanapigia nini makofi?”

Mshonaji alikuwa ameshainuka kwenye safu ya pili. Hakuwa amepiga makofi. Alipita katikati ya viti mpaka mlangoni, akasimama pembeni ya kile kiti, akamwinamia mama sikioni ili asikike juu ya kelele, nami niliyekuwa karibu nikamsikia.

“Hawajasikia, mama,” akasema. “Waambie tena.”

Mama akangoja makofi yaishe. Halafu akakiinua kipaza sauti, safari hii mbali kidogo na mdomo, akaanza upya.